MADA YA 7: KUCHAGUA VITAFUNIO VYA PAKITI KWA MTOTO MWENYE MZIO WA KARANGA

Malengo. Baada ya mada hii uweze kueleza maana ya mzio wa chakula, kusoma lebo ya kitafunio na kutaja hatua za dharura.

Maana
Mzio wa chakula ni hali ambapo kinga ya mwili huichukulia protini ya chakula fulani kuwa adui na kuishambulia. Mwili hutoa kemikali, hasa histamini, zinazoleta vipele, uvimbe wa midomo, kutapika au kubanwa pumzi. Mara nyingi dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa 2. Chembe ndogo tu yaweza kutosha kumdhuru mtoto.

Zingatia: karanga ni jamii ya kunde, ilhali korosho na lozi huzaliwa mitini. Mtoto anaweza kudhurika na kimoja au vyote. Muulize mzazi.

Hatua za kuchagua
1. Soma orodha nzima ya viambato. Usitegemee picha ya mbele. Karanga inaweza kuandikwa kama siagi ya karanga, unga wa karanga, au kwa jina lake la kisayansi, *Arachis*.
2. Tafuta onyo kwamba bidhaa huenda ina chembe za karanga. Mashine iliyosaga karanga asubuhi, ikitumika kwa biskuti mchana bila kusafishwa vizuri, huacha mabaki. Katika nchi nyingi onyo hili ni hiari ya mtengenezaji; kwa hiyo lisipokuwepo, usidhani pakiti ni salama. Muulize mtengenezaji.
3. Soma upya kila unaponunua. Viambato hubadilika hata kama pakiti haijabadilika.
4. Kisicho na lebo, kiache. Chevda, kashata na bisi zilizofungwa katika mfuko mtupu hazionyeshi zilitengenezwa wapi wala kwa vyombo gani.

Mfano
Dukani kuna pakiti tatu. Utamnunulia ipi mtoto mwenye mzio wa karanga?

A: Biskuti. Unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese. Onyo: huenda ina chembe za karanga.
B: Ubuyu wa rangi, mfuko usio na maandishi.
C: Krispi za ndizi. Ndizi, mafuta ya alizeti, chumvi. Hakuna onyo.

*Jibu:* A na B hazifai. C ndiyo ya kufikiriwa, lakini baada tu ya kuthibitisha kwamba kiwanda hakitumii karanga katika mashine hizo. Ukishindwa kuthibitisha, mpe tunda alimenye mwenyewe.

Dharura
Mtoto akibanwa pumzi, akivimba ulimi au akilegea, mchome sindano ya adrenalini kwenye paja ikiwa ameandikiwa, kisha mwahishe hospitali. Mlaze, akihema kwa shida, mketishe. Asitembezwe. Hata akipata nafuu apelekwe, kwani dalili zinaweza kurudi.

Dokezo la mtihani. Watahiniwa wengi huandika "asile karanga" na kuishia hapo. Taja pia mabaki ya kiwandani.

Zoezi
1. Tofautisha karanga na korosho. (alama 2)
2. Kwa nini lebo isomwe kila mara? (alama 2)
3. Mdogo wako mwenye mzio amepewa kashata shuleni na rafiki yake. Mshauri, ukitoa sababu mbili. (alama 4)