Asiyefanya Kazi Asile? Maelezo juu ya Adhabu za Msaada wa Chakula Marekani

Baadhi ya ndugu wameuliza katika darasa: Je, ni kweli kwamba huko Marekani maskini hunyimwa chakula cha serikali asipofanya kazi? Na ikiwa ni kweli, yafaa nasi tunaogawa unga mitaani mwetu tuifuate kanuni hiyo? Haya ni masuala mawili, wala haifai kulijibu la pili kabla ya kulifahamu la kwanza.

Jueni kwamba Marekani ina mpango wa kuwasaidia chakula watu wenye pato dogo. Uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1964. Zamani maskini walipewa vijitabu vya stempu. Leo hupewa kadi itiwayo fedha kila mwezi, na fedha hizo hazinunui illa chakula. Tangu mwaka 2008 mpango huu waitwa SNAP, na katika mwaka 2024 walionufaika nao walikuwa zaidi ya watu milioni 40.

Masharti ya kazi ndani ya mpango huu ni ya namna mbili, na wengi huyachanganya.

Namna ya kwanza ni sharti la jumla, limpasalo mtu wa miaka 16 hadi 59 aliye na uwezo wa kazi. Sharuti ajiandikishe kuwa yu tayari kufanya kazi, ahudhurie mafunzo akipangiwa, akubali kazi inayomfaa akipewa, wala asiache kazi yake kwa hiari pasi na sababu njema. Asiyejiweza kwa maradhi, mwenye kulea mtoto wa chini ya miaka 6, na afanyaye kazi saa 30 kwa wiki, wote hao wana udhuru. Mwenye kulivunja sharti hili mara ya kwanza huzuiliwa kwa muda usiopungua mwezi 1. Mara ya pili, miezi 3. Mara ya tatu, miezi 6, na jimbo likitaka laweza kumfungia mlango daima. Wala kupita kwa muda peke yake hakumrudishi. Yampasa kwanza atimize lile aliloliacha, ila akiwa amepata udhuru.

Kwa asili adhabu hii humshukia mkosaji mwenyewe, ingawa jimbo laruhusiwa kuizuilia nyumba nzima kwa muda ikiwa aliyekosa ni mkuu wa nyumba. Lakini hata anapozuiliwa yeye peke yake, chungu ni kimoja. Fungu lake huondolewa na pato lake lahesabiwa vile vile, nao watoto hugawana naye kilichobaki. Ni nani mzazi atakayekula mbali na wanawe, au atakayewaacha wanawe wale bila yeye nao wakaona raha?

Namna ya pili ilikuja kwa sheria ya mwaka 1996, iliyotiwa sahihi na Rais Bill Clinton. Mtu mzima asiye na ulemavu wala mtoto wa kumtunza hupewa msaada miezi 3 tu katika kila miaka 3, ila afanye kazi au mafunzo kwa saa 80 kila mwezi. Kwanza iliwahusu wa miaka 18 hadi 49. Sheria ya mwaka 2023 ikapandisha hadi 54. Na sheria ya tarehe 4 Julai 2025 ikapandisha hadi 64, ikawaingiza wazazi ambao watoto wao wamefika miaka 14, na ikawaondolea udhuru askari wa zamani na watu wasio na makao.

Zingatieni tofauti. Katika namna ya kwanza huadhibiwa aliyekataa. Katika namna ya pili huzuiliwa hata aliyetafuta asipate, kwani kutafuta kazi peke yake hakuhesabiwi kuwa kazi. Kibarua wa bandarini, aitwaye leo na kuachwa kesho, aweza kufahamu upesi jinsi saa 80 zinavyoweza kumpungukia mtu asiye mvivu hata kidogo.

Wenye kuitetea kanuni hii husema kwamba msaada usio na sharti huzoesha watu kukaa bure. Hoja hii si ya kudharauliwa, kwani kazi ni heshima ya mtu. Lakini hoja hupimwa kwa matunda yake. Wataalamu walioichunguza hali ya jimbo la Virginia, ambako sharti hili lilirudishwa mwaka 2013, walitangaza mwaka 2023 kwamba idadi ya waliopata msaada miongoni mwa wanaohusika ilipungua kwa zaidi ya nusu, na hawakuona ongezeko la kazi lililo dhahiri. Basi sharti liliwatoa watu katika chakula bila ya kuwatia katika kazi.

Ama suala la pili, wanavyuoni wa Shafii wamekwisha kupambanua. Mwenye nguvu anayeweza kupata kazi inayomfaa na kumtosha, hana haki katika fungu la mafakiri. Lakini mwenye nguvu asiyepata wa kumwajiri, huyo ni katika mafakiri, na nguvu za mikono yake hazimtoi katika haki yake.

Kwa hivyo, enyi ndugu mnaogawa, kabla ya kumzuilia mtu kibaba chake, ulizeni mambo matatu. Je, kazi ipo? Je, ameipata akaikataa, au ameikosa? Na mzigo wa kumnyima utawaangukia kina nani nyumbani mwake? Mkiyajua haya, hamtamlisha mvivu kwa ujinga, wala hamtamwacha na njaa mtu ambaye kosa lake ni kukosa wa kumwajiri. Na kama mna uwezo wa kumtafutia kazi, hilo ni bora kuliko unga na kuliko sharti.

Wallahu aalam.