Mpokeaji wa Habari za Hatari

Katika vijiji vingi vya Kabambare gari la wagonjwa halikai karibu. Tuseme ni siku ya mvua. Mama amezaa katika kituo kidogo cha afya, na damu yake haikatiki. Muuguzi amefanya yote aliyofundishwa, lakini haitoshi. Anahitaji mganga na gari. Njia imekuwa matope matupu. Mtu akitumwa kwa kinga, atafika usiku au kesho. Damu ya mama haingoji kesho. Basi ni lazima habari ikimbie kuliko miguu ya mtu.

Wazee walikuwa na ngoma ya gogo, lililochimbwa ndani na kuachiwa mdomo mwembamba juu. Ngoma hiyo ina sauti mbili tu, moja ya juu na moja ya chini. John Carrington, Mwingereza aliyefundisha Yakusu karibu na Kisangani, alijifunza ngoma ya Walokele, akaandika kitabu juu yake mwaka 1949. Aliona jambo la ajabu. Kwa Kilokele neno la mwezi na neno la kuku yana sauti zilezile, hata ngoma haiwezi kuyatenga. Kwa hiyo mpigaji hapigi «mwezi» peke yake. Hupiga «mwezi unaotazama dunia toka juu». Tena hurudia. Wageni waliosikia walidhani watu hawa wanapenda maneno mengi bure. Sivyo. Maneno yale ya kuongeza ndiyo yaliyozuia kosa.

Baadaye ikaja foni, yaani chombo cha kusemea mbali pasipo waya. Kwa miaka mingi katika Kongo, foni iliunganisha misioni na vituo vya afya vilivyo mbali, na hata sasa simu za mkononi hazifiki kila kijiji. Toka Kabambare mpaka Kasongo ni zaidi ya kilometa 100, lakini kwa foni sauti hufika mara moja. Ila foni ina tabia yake: ukibonyeza kifungo unasema lakini husikii, ukikiachia unasikia lakini husemi. Ndiyo sababu msemaji humaliza kwa neno la Kifaransa «à vous», maana yake: sasa ni zamu yako.

Je, kusema kwa foni ni kazi ya kujifunza? Kila mtu ana mdomo! Lakini tazameni. Mama yule alizaa saa sita mchana, na sasa ni saa kumi. Muuguzi anasema «sita». Ngurumo inavuma ndani ya foni, na mpokeaji anasikia «tisa». Anaandika saa tisa. Mganga akisoma hivyo, atadhani mama ametoka damu muda wa saa moja, kumbe ni saa nne. Lakini mpokeaji aliyefundishwa hakubali kunyamaza na kusema «nimesikia» tu. Anasoma tena yote aliyoandika: «Mama mmoja, alizaa saa tisa, anatoka damu nyingi.» Muuguzi anamkatalia upesi: «Si tisa! Sita, ya mchana!» Kosa limekamatwa.

Majina nayo hudanganya. Kuna Kasongo yetu ya Maniema, tena kuna Kasongo-Lunda, mbali sana upande wa magharibi. Jina lisiposikika vizuri, hutajwa herufi moja moja, na kila herufi ina neno lake: Alfa, Bravo, Charlie, Delta, mpaka Zulu. Maneno hayo yametumika katika nchi nyingi toka mwaka 1956. Na rubani wa ndege aliye hatarini huita «Mayday» mara tatu. Neno hilo lilibuniwa Uingereza mwaka 1923, kwa kufuata Kifaransa «m'aidez», yaani nisaidieni. Likisikika, wengine wote hunyamaza.

Katika miji mikubwa kuna nyumba ambamo watu hupokezana zamu kungojea simu za hatari. London walianza namba 999 mwaka 1937. Tanzania polisi huitwa kwa 112, zimamoto kwa 114. Mwanafunzi wa kazi hiyo hufundishwa kuuliza kwanza: «Uko wapi?» Pengine mtu analia na kutaka kueleza moto ulivyoanza. Asubiri kidogo. Simu ikikatika, na mahali hapajulikani, gari litakwenda wapi? Mahali pakijulikana, gari huondoka, na maneno mengine hufuata. Hufundishwa pia kusema polepole na mtu anayepiga kelele, kuandika saa ya kila habari, na kutotangaza sokoni ugonjwa wa mtu aliousikia kazini. Hili la mwisho huwashinda wengi.

Zoezi. Wanafunzi wawili wakae wakipeana mgongo. Wa kwanza atoe habari ya nyumba inayoungua: mahali, saa, watu wangapi wamo ndani. Wa pili aandike, kisha asome kwa sauti. Wengine wapige makofi kama mvua juu ya mabati.