Je, Kumpaka Mnyama Rangi Ni Mchezo au Ni Ukatili?



Mtu aliyeingia katika Uislamu karibuni, au anayeuchungua kutoka nje, huenda akauliza: Je, dini hii ina neno juu ya mambo madogo ya nyumbani, au yahusu sala na saumu tu? Katika somo hili tutalipima jambo moja ambalo wengi huliona kuwa ni mchezo tu, nalo ni desturi ya kuyapaka rangi na kuyapamba manyoya ya wanyama wafugwao. Wako wasemao kwamba halina dhara lo lote, na wako wasemao kwamba ni ukatili. Tusikimbilie upande wo wote kabla ya kuwasikiliza wote wawili.

DESTURI YENYEWE

Katika Marekani yapo mashindano ambamo mbwa hukatwa manyoya na kupakwa rangi nyingi hata mgongo wake ukawa kama bustani ya maua, au yeye mwenyewe akafanana na mnyama mwingine. Huko huko, wakati wa Pasaka, vifaranga vya kuku na vya bata vimekuwa vikiuzwa vikiwa na rangi nyekundu, buluu na kijani ili kuwafurahisha watoto. Rangi hiyo hunyunyizwa juu ya kifaranga, au hudungwa kwa sindano ndani ya yai siku chache kabla halijaanguliwa. Katika China, mwaka 2024, bustani ya wanyama ya Taizhou iliwaonyesha watu mbwa waliopakwa rangi nyeusi na nyeupe wafanane na panda. Aliyeisemea bustani hiyo alijitetea akisema kwamba hata watu hupaka nywele zao rangi. Tulikumbuke neno hilo, maana tutalirudia.

HOJA ZA WANAOITETEA

Haki yataka tuseme kwamba hoja zao si za kupuuzwa. Husema kwamba manyoya hayana uhai, hukatwa na hukua tena. Pia husema kwamba ziko rangi za vyakula ambazo haziumizi ngozi, na kwamba mbwa aliyezoea kutunzwa hutulia kabisa anapopambwa. Mwaka 2008, katika mji wa Boulder, Marekani, mwanamke mmoja aliandikiwa faini ya dola 1,000 kwa sababu mbwa wake alikuwa na rangi ya waridi, ilhali yeye alisema kwamba alitumia maji ya bitiruti tu. Watu wengi waliona kwamba sheria hiyo ya mji imevuka mpaka.

DHARA LAKE

Lakini yasikilize na ya upande wa pili. Mwaka 2017, katika wilaya ya Pinellas, jimbo la Florida, mbwa mdogo alipakwa rangi ya zambarau iliyotengenezwa kwa ajili ya nywele za watu. Ngozi yake iliungua vibaya na macho yakavimba yasifunguke, akauguzwa kwa muda wa miezi kadhaa. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Rangi nyingi za nywele zina dawa kali kama amonia na peroksaidi ya haidrojeni, na ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu. Isitoshe, mbwa na paka hujilamba, hivyo kilichopakwa mgongoni huishia tumboni. Na ini la paka ni dhaifu katika kuziondoa sumu nyingi.

Wakazi wa pwani yetu hawahitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Hina ya majani hupakwa kwa amani tangu enzi za mababu. Lakini piko iliyochanganywa na dawa ya kutia nywele weusi imewababua maharusi wengi mikono na miguu. Bibi harusi aliyebabuka huweza kulia na kusema pale panapomuwasha. Mnyama atamwambia nani?

MAFUNDISHO YA UISLAMU

Kwanza tufahamu kwamba Uislamu haukukataza kila pambo wala kila alama juu ya mnyama. Hadhrat Aisha r.a. alikuwa akisokota kwa mkono wake vigwe vya kuvishwa shingoni wanyama wa dhabihu waliopelekwa Makka. Hadhrat Anas r.a. alimwona Mtume Mtukufu s.a.w. akiwatia alama ngamia wa sadaka ili wasipotee. Na mtoto mmoja, Abu Umair, alikuwa na kindege chake cha kuchezea, na Mtume s.a.w. hakumkataza, bali alimtania kwa upole juu yake.

Lakini mipaka iliwekwa. Mtume s.a.w. alipomwona punda aliyechomwa chapa usoni, alimlaani aliyefanya hivyo. Vile vile amelaaniwa mwenye kumfanya kiumbe hai kuwa shabaha ya mchezo. Kurani Tukufu imewalaumu Waarabu wa ujahiliya waliopasua masikio ya mifugo kwa ajili ya itikadi zao zisizo na msingi, ikaihesabu kazi hiyo kuwa ni ushawishi wa Shetani wa kuwafanya watu wabadili maumbile ya Mungu (4:120, 5:104). Ni kweli kwamba rangi iishayo manyoya yakikua si sawa na sikio lililopasuliwa. Hata hivyo shina la kosa laweza kuwa moja, yaani mtu kumwona mnyama kama kitu cha kutimizia matamanio yake.

MIZANI TATU

Kutokana na mafundisho hayo, ndugu msomaji, twaweza kupata mizani tatu za kupimia.

1. Je, mnyama anaumia au anaogopa? Kama ndiyo, hapana haja ya kuendelea na mjadala.

2. Je, pana udanganyifu? Mtume s.a.w. alikataza kuacha kumkamua ngamia au kondoo siku kadhaa ili kiwele chake kijae na mnunuzi adanganyike, na akampa mnunuzi haki ya kumrudisha. Mwenye kumpaka mnyama rangi ili amuuze kwa jina au sifa isiyo yake yu katika kosa hilo hilo.

3. Je, baada ya pambo itakuwaje? Kifaranga cha Pasaka hupoteza rangi yake katika majuma machache manyoya mapya yanapoota. Mtoto aliyependa rangi, wala hakupenda kifaranga, humchoka; na wengi wa vifaranga hivyo hutupwa au hufa kwa kukosa matunzo. Ndiyo sababu jimbo la New York limekataza kwa sheria kuuza vifaranga na sungura wachanga waliopakwa rangi.

JIBU

Basi tusemeje? Mwenye kumfunga mbwa wake utepe, au kumtia rangi ya chakula iogeshekayo bila kumsumbua, hatuna ruhusa ya kumwambia kwamba ametenda haramu. Kurani Tukufu yatuonya tusiziachie ndimi zetu kutamka uwongo kwamba hili ni halali na hili ni haramu (16:117), na onyo hilo lamfaa hasa mwongofu mpya ambaye bidii yake huweza kuitangulia elimu yake. Lakini mwenye kutumia dawa kali, au kumgeuza kiumbe kuwa kichezeo cha siku moja, au kumdanganya mnunuzi, huyo amedhulumu.

Sasa turudi kwenye lile neno la bustani ya Taizhou. Ni kweli, watu hupaka nywele zao rangi. Lakini mtu hujipaka kwa hiari yake, na likimwuma huosha. Mnyama hana hiari wala ulimi, naye ni amana mikononi mwetu. Kutulia kwake mbele ya brashi si dalili ya kukubali. Pengine ni kwa sababu ametuamini. Kwa hiyo hata palipo na ruhusa, kuacha ni bora zaidi.

Tena, amekosa nini hata tumwongezee? Kurani Tukufu yasema kwamba rangi mbalimbali za wanyama ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu (35:29), na kwamba mna uzuri kwa ajili yetu katika mifugo inaporejea jioni na inapotoka asubuhi (16:7). Pambo analolihitaji ni maji safi, chakula, kivuli na mkono usiompiga. Katika Hadithi tumeelezwa habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa kwa njaa. Wala hatukuambiwa mbwa yule au paka yule alikuwa wa rangi gani.

Mwenyezi Mungu atujalie huruma kwa kila kiumbe chake. Amin.