Dondoo muhimu: Kuvuka uwanda wa Nullarbor na hema na watoto

Kutoka Ceduna hadi Norseman, kusini mwa Australia, ni takriban kilomita 1,200 za barabara kuu ya Eyre. Familia ijaze tangi kila inapokuta kituo cha mafuta, hata kama limepungua robo tu. Bei huko ni ya kutoa machozi, lakini kuishiwa njiani ni balaa zaidi. Maji ya kunywa yabebwe tangu mjini.

Matunda yana kisa chake. Anayeelekea magharibi hukaguliwa mpakani mwa majimbo, na machungwa, mboga mbichi, hata asali, huachwa hapo. Anayeelekea mashariki hukaguliwa Ceduna. Heri kuvila kabla.

Hema lisimamishwe jua halijazama, maana kangaruu huingia barabarani giza likianza.

Kati ya Balladonia na Caiguna barabara imenyooka kilomita 146.6 bila kona hata moja, na usingizi haupigi hodi: madereva wapokezane. Huko Eucla saa za wenyeji ziko dakika 45 mbele ya Perth (watoto watabishana sana kuhusu muda wa chakula). Safari ikiangukia Julai au Agosti, wasipite pwani ya Head of Bight bila kusimama; nyangumi na ndama wao huonekana kutoka juu ya genge.