Mausi ya Simu kwa Mwenye Mkono Dhaifu

Aliyepata kiharusi au mwenye baridi yabisi ya vidole hupata tabu kugusa kioo cha simu. Mausi isiyo na waya husaidia, lakini wengine huinunua kisha huona haifanyi kazi. Fuata haya:

1. Chagua mausi ya Bluetooth. Ile yenye kidude cha USB huhitaji adapta.

2. Kwenye iPhone yenye iOS 13 (2019) au mpya zaidi, fungua Settings, Accessibility, Touch, kisha washa AssistiveTouch. Ikizimwa, mshale hauonekani. Uunganishe mausi hapo hapo, kwenye Devices.

3. Kibodi ikipotea, washa Show Onscreen Keyboard.

4. Asiyeweza kubofya awashe Dwell Control. Mshale ukitulia, simu hubofya yenyewe.

Mkono ukiuma, pumzika. Mwambie GP wako kuhusu shida hiyo, na uombe mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Kaunsili ya mtaa wako pia hupima mahitaji ya vifaa bila malipo.

Lakini mkono ukilegea ghafla, uso ukipinda au maneno yakikwama, usihangaike na mausi. Piga 999 mara moja!