SOMO: PAMPU YA MAJI IKIWASHA TAA NYEKUNDU



Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na tena Palma iliposhambuliwa Machi 2021, familia nyingi za pwani hii zimetegemea visima vya pamoja. Baadhi yake vina pampu za umeme wa jua. Pampu ikisimama, watu hurudi kwenye mashimo ya wazi, na kipindupindu hupita njia hiyo. Mwaka 2019, baada ya kimbunga Kenneth, ugonjwa huo ulizuka Pemba. Somo hili ni la wahudumu wa visima na la kila mtu anayeteka maji.

Sanduku la pampu hufanya nini?

Sanduku hupokea umeme wa paneli na kuongoza mwendo wa mota. Jua likiwa kali mota huzunguka upesi; wingu likipita huzunguka polepole. Sanduku pia ni mlinzi wa mota.

Onyo na hitilafu

Onyo, mara nyingi taa ya manjano: pampu inaendelea, lakini kuna jambo la kuangaliwa.
Hitilafu, mara nyingi taa nyekundu: sanduku limesimamisha pampu ili isiungue.

Namba zinazoonekana hutofautiana kwa kila kiwanda. Karatasi ya maelezo yake itunzwe na kamati ya maji.

Sababu za kawaida

1. Jua ni dogo. Asubuhi, jioni na siku za mvua hili si kosa. Subiri. Likitokea mchana wa jua kali, huenda paneli zina vumbi au chumvi ya bahari. Zisafishwe alfajiri kwa maji matamu.

2. Maji ya kisima yamepungua. Mota iliyo kisimani hupozwa na maji. Ikikosa maji huungua. Acha kisima kipumzike. Hapa pwani, kisima kinachovutwa kupita kiasi huweza kuingia maji ya chumvi.

3. Joto limezidi. Angalia kama matundu ya hewa yameziba, au kama sanduku limekosa kivuli. Usianike nguo juu yake.

4. Mota inakula umeme mno. Huenda mchanga umekwama ndani ya pampu, au waya mmoja umekatika. Hii ni kazi ya fundi.

5. Umeme unavuja. Waya umechunika. Usiwashe tena, usiguse bomba, waondoe watoto, mwite fundi.

Ufanye nini?

a) Kabla ya kubonyeza chochote, andika namba unayoiona, saa, na hali ya jua. Namba ikipotea, fundi hana pa kuanzia.

b) Kama ni sababu ya 1, 2 au 3, iondoe kwanza.

c) Kisha bonyeza kitufe cha kuanzisha upya mara moja tu. Hitilafu ikirudi, zima na mwite fundi. Kubonyeza tena na tena hakuponyi pampu, bali huiua.

d) Usifungue sanduku. Umeme hubaki ndani hata baada ya kuzima. Fundi mwenyewe husubiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko, na nyaya za paneli huwa na umeme mchana kutwa.

e) Kamati igawe maji yaliyobaki tangini: ya kunywa na ya zahanati kwanza. Maji ya shimo la wazi yachemshwe au yatiwe klorini.

Kumbuka

Mhudumu akikataa kuwasha pampu wakati foleni ni ndefu, msimkasirikie. Mota iliyosimama huweza kuwashwa kesho, lakini iliyoungua itangoja mota nyingine, na barabara zetu mnazijua.

Maswali ya kujipima

1. Onyo na hitilafu vinatofautianaje?
2. Kwa nini namba iandikwe kwanza?
3. Ni hitilafu zipi ambazo hupaswi kuzigusa?

Msomee jirani asiyejua kusoma.