Maboksi Mepesi ya Neodimiamu na Kazi ya Mpiga Besi

Mpiga gitaa la besi anayeishi kwa kazi hiyo hubeba mzigo mzito kuliko wa wenzake wengi wa bendi. Sauti za chini zinahitaji spika zinazosukuma hewa nyingi, na kwa miaka mingi hilo lilimaanisha boksi zito. Boksi la Ampeg lenye spika 8 za inchi 10, lililokuja na amplifaya ya SVT mwaka 1969, ndilo lililoweka kipimo cha jukwaa kubwa. Toleo la SVT-810E lina uzito wa karibu kilo 64. Leo boksi la neodimiamu lenye spika moja ya inchi 12, mfano Aguilar SL 112, lina karibu kilo 11. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, hutumia kilo 23 kama kikomo cha mzigo unaoinuliwa na mtu mmoja katika mazingira yaliyo bora kabisa. Ngazi za nyuma ya ukumbi saa nane usiku, baada ya onyesho, hazimo katika mazingira hayo.

Anayetafuta boksi jepesi, basi, hatafuti anasa. Analinda mgongo na viganja vinavyompa riziki. Kosa linaanza pale wepesi unapohesabiwa kuwa nguvu, au pale boksi dogo linaponunuliwa kwa matumaini kwamba litajaza ukumbi ule ule uliokuwa ukijazwa na lile kubwa.

Chanzo cha wepesi ni sumaku. Aloi ya neodimiamu, chuma na boroni ilivumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na watafiti wa General Motors nchini Marekani na wa Sumitomo nchini Japani, kila upande kwa njia yake. Nguvu yake kwa kila gramu inaizidi ile ya sumaku za feraiti kwa mbali, ndiyo maana kipande kidogo kinafanya kazi ya gurudumu zito linaloonekana nyuma ya spika za kawaida. Sumaku, hata hivyo, haina mlio wake. Spika mbili zenye koni na koili za aina moja, na uga wa sumaku wenye nguvu sawa, hazitofautiani kwa sababu tu moja ni ya neodimiamu na nyingine ya feraiti. Lawama kwamba boksi jepesi halina uzito wa sauti mara nyingi hutokana na plaiwudi nyembamba inayotetemeka, au na ujazo na tundu la boksi visivyolingana na spika iliyofungwa ndani.

Kuna kanuni inayohusishwa na Josef Anton Hofmann ambayo kila mnunuzi anapaswa kuishika: boksi dogo, sauti ya chini kabisa, na mlio mkubwa kwa wati chache haviwezi kupatikana vyote vitatu pamoja. Vikipatikana viwili, cha tatu hupungua. Neodimiamu haikufuta kanuni hiyo. Imepunguza kilo tu. Waya wa E wa besi ukipigwa wazi unatoa takriban hezi 41, na waya wa B wa besi yenye nyaya tano hezi 31. Boksi dogo sana linalodai kuzibeba noti hizo kwa sauti kubwa linastahili kujaribiwa kwa sikio, ndani ya bendi inayopiga, kabla ya fedha kutolewa.

Hapo ndipo namba ya wati iliyobandikwa nyuma ya boksi inapowapotosha wengi. Kwa kawaida namba hiyo inaeleza joto ambalo koili inaweza kustahimili. Haielezi koni inaweza kwenda mbele na nyuma kiasi gani. Kwenye noti za chini, koni hufika mwisho wa mwendo wake mapema, wakati wati zilizotumika bado ni sehemu ndogo ya zile zilizoandikwa. Dalili yake inasikika: noti ndefu ya chini inaanza kutoa mgongano mkavu ndani ya boksi, na wavu ukiondolewa koni inaonekana ikiruka. Hatua sahihi ni kupunguza kitufe cha besi kwenye amplifaya, kisha sauti yote, na kuwasha kichujio kinachokata sauti za chini kupita kiasi pale kilipo. Kuongeza besi ili kufidia udogo wa boksi ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuiua spika. Joto nalo lina hatari yake: madaraja ya kawaida ya sumaku ya neodimiamu huanza kupoteza nguvu yakipita nyuzi 80 za Selsiasi, na nguvu hiyo hairudi yakipoa. Watengenezaji makini huchagua madaraja yanayostahimili zaidi, lakini hakuna daraja linalostahimili uzembe wa saa nne mfululizo.

Suala la omu halina mjadala. Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba yanakuwa omu 4, kiwango ambacho amplifaya nyingi nyepesi za daraja D zinakikubali. Maboksi mawili ya omu 4 yanakuwa omu 2, na hapo amplifaya nyingi hujizima au huungua. Anayeanza na boksi moja la omu 8 anajiachia nafasi ya kuongeza la pili linalofanana nalo; ukumbi mdogo wa hoteli utapata moja, harusi ya uwanjani itapata mawili, na, yakiwa na uzito wa lile la Aguilar, kila safari ya mkono itabaki karibu kilo 11. Waya uwe wa spika. Waya wa gitaa ni mwembamba, hupata moto, na haufai kazi hiyo hata kwa dharura.

Jukwaani, boksi jepesi hutembea lenyewe kwa mtetemo, hivyo liwekwe juu ya mpira usioteleza na liinuliwe karibu na usawa wa sikio. Mpiga besi anayeisikia besi yake vizuri hapandishi sauti ovyo. Hadhira kubwa ihudumiwe na mitambo ya ukumbi kupitia kisanduku cha DI kinachounganisha besi na mitambo hiyo, na boksi libaki kwa wanajukwaa. Kikomo kinachopendekezwa na NIOSH ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Masikio ya mpiga ngoma aliye jirani yanahusika sawasawa na ya mwenye boksi.

Nchini Tanzania Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na nchini Kenya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, zinamtwika mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Bendi iliyoajiriwa na hoteli ina haki ya kuuliza nani anabeba vyombo, kwa njia ipi, na nani anagharamia vikiharibika njiani. Majibu yawekwe ndani ya mkataba.

Kwa wanaofanya kazi pwani, unyevu na chumvi ni adui wa kudumu. Sumaku ya neodimiamu ina chuma na hupata kutu upesi ikiwa ngozi yake ya kinga imepasuka. Boksi lifunikwe linaposafirishwa kwa boti, na lisiachwe limeegemea ukuta wenye maji. Fundi anayeifungua spika aweke skrubu na bisibisi mbali. Sumaku hiyo huvuta kwa ghafla, na bisibisi iliyoponyoka huchana koni kwa sekunde moja.

Mwaka 2010 China ilipunguza mauzo ya nje ya madini adimu, bei ya neodimiamu ikapaa mwaka 2011, na baadhi ya watengenezaji wa spika wakarudi kwenye feraiti. Hata sasa spika ya neodimiamu ikiungua, mbadala wa feraiti huwa rahisi kupatikana na hufungwa mahali pake. Si kosa kufanya hivyo, ilimradi ujazo wa boksi unaifaa spika mpya. Kosa ni kuliuza boksi hilo kama lilivyotoka kiwandani. Mnunuzi alipime kwenye mizani na kulinganisha na uzito uliotangazwa na mtengenezaji: kilo mbili au tatu za ziada zinataka maelezo. Muuzaji naye aandike kwenye risiti jina la spika iliyomo, omu zake, na tarehe ilipofungwa.